Samaki Hana Miguu, Lakini Huacha Njia
Hapa Bukavu, anayewatazama wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, katika Ziwa Kivu huamini kwamba samaki hawezi kuacha chochote katika mwamba isipokuwa mifupa. Sivyo. Samaki anayepita karibu na sakafu ya maji hukwaruza tope laini kwa ncha za mapezi, hasa pezi la mkia linaloyumba kushoto na kulia, na mkwaruzo huo ukifunikwa na mashapo kabla haujafutika, hubaki katika jiwe kama mstari wa mawimbi. Alama hizo huitwa Undichna, jina lililotolewa mwaka 1976 kwa visukuku vya Afrika Kusini vya kipindi cha Permi, enzi ya kale kabla ya dinosaria. Sambaza wetu, waogeleao juu mbali na tope, wasingechora kitu.