Wafanyakazi Hawapingi Mabadiliko Hivi Hivi Tu: Dhana Potofu na Ukweli

Mfumo mpya ukikwama ofisini, lawama huwa imeshapata mwenyewe: wafanyakazi ni wagumu, wamezoea mambo ya zamani. Jibu hili linamridhisha bosi, na ubaya wake ni huo huo, maana akisharidhika haulizi swali la pili.

Dhana: Binadamu kwa asili hapendi mabadiliko

Mhasibu yule yule anayesemwa anaogopa kompyuta analipa ada, umeme na king'amuzi kwa simu yake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na hakuna aliyeandikiwa barua ya onyo ili aache kumtumia mama yake hela kupitia kondakta wa basi. Watu walihama wenyewe. Faida waliiona, na hakuna walichonyang'anywa.

Kazini kinachopingwa mara nyingi ni hasara. Ovataimu inayeyuka, posho ya safari inakatwa, na fundi aliyekuwa akiulizwa kila kitu kwa miaka 20 sasa ndiye anayemwuliza kijana aliyeajiriwa juzi. Hilo la heshima haliingii kwenye bajeti ya mradi wowote, nami naona ndilo linalouma kuliko yote.

Dhana: Tatizo ni wakorofi wachache, waondoe mambo yaende

Kiwanda cha Harwood kilikuwa Marion, jimbo la Virginia, Marekani, kikishona pajama. Mwaka 1948 watafiti Lester Coch na John French walichapisha waliyoyaona humo. Wapiga pasi 18 walikuwa wamezoea kupanga nguo sita sita juu ya kipande cha kadibodi. Wakaambiwa kuanzia sasa wazipange ndani ya boksi. Basi, ni hilo tu, na kila dazani ikaongezewa dakika mbili. Waliitwa kikaoni, wakaelezwa kuhusu ushindani wa soko, wakatangaziwa kiwango kipya cha malipo, maswali yakajibiwa, wakarudi kwenye meza zao.

Kiwango cha kawaida kilikuwa vipande 60 kwa saa. Wao walishuka, wakaganda karibu na 50. Walizozana na mtaalamu wa kupima kazi na kulalamikia malipo, na ndani ya siku 40 asilimia 17 yao walikuwa wameacha kazi. Kumbuka walilipwa kwa kipande, kwa hiyo mwendo wa kinyonga ulikuwa unawatoboa mfuko wao wenyewe. Wakati huo huo vikundi vingine viwili, vilivyokaa na menejimenti kupanga kazi mpya ifanywe vipi, vilirudi kwenye kasi yao upesi na hatimaye kupita kiwango cha zamani kwa karibu asilimia 14.

Ukomee hapo utasema vikundi hivyo vilikuwa na watu wenye tabia nzuri zaidi. Lakini miezi miwili na nusu baadaye wale wapiga pasi 13 waliobaki walikusanywa tena, wakahamishiwa kazi nyingine, safari hii kwa kushirikishwa. Kasi ikapanda haraka na ugomvi ukaisha. Watu ni wale wale waliokuwa wakiitwa wakorofi.

Dhana: Wakielimishwa wataelewa

Wapiga pasi walielezwa, tena kwa ustaarabu. Maelezo yanamsaidia asiyeelewa. Anayepoteza yanamwacha pale pale alipokuwa.

Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuvunia chai Kericho. Sitetei kuchoma mali ya mtu. Ila mchuma chai anayelipwa kwa kilo hahitaji semina ili ajue kwamba mashine inavuna haraka kuliko vidole vyake. Ameshaelewa, na ndiyo maana ana hasira. Hapo kinachotakiwa ni majadiliano: nani anabaki, nani anahamishiwa wapi, na anayetoka anatoka na nini mkononi.

Sheria nazo zinataka hivyo. Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu, ikiwemo kuhusu njia za kuepuka kuwapunguza. Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi. Mabosi wengi huvisoma vifungu hivi siku barua zinapochapwa, wakati vilipaswa kusomwa siku wazo linapozaliwa.

Dhana: Hakuna aliyelalamika, kwa hiyo wamekubali

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtunza stoo habishani kikaoni. Anasema "sawa, bosi", anasaini karatasi ya mahudhurio, anakunywa soda yake, anarudi stoo. Wiki mbili baadaye bado ana kaunta buku chini ya meza: kila mzigo anauandika humo kwanza, jioni ndipo anauingiza kwenye mfumo. Ukiligundua daftari hilo utasema anahujumu. Mwulize kwanza. Huenda mtandao hukatika saa nne asubuhi, magari matatu yakiwa getini yanasubiri kupakia, na mzigo ukipungua atakayekatwa mshahara ni yeye, si kampuni iliyouza mfumo. Kwenye kaunta buku hiyo kuna ripoti nzima ya kasoro ambayo hakuna aliyemwomba aiandike.

Dhana: Asilimia 70 ya mabadiliko hufeli

Takwimu hii inapendwa sana kwenye semina. Mark Hughes, mtafiti wa Uingereza, aliifuatilia hadi mizizini, na mwaka 2011 akachapisha kwamba hakukuta ushahidi thabiti nyuma yake.

Dhana: Ushirikishwaji ni dawa ya kila kitu

Baada ya Harwood mtu anaweza kulewa na neno hili. Jaribio kama lile lilifanywa pia katika kiwanda cha viatu Norway, matokeo yakachapishwa mwaka 1960: uzalishaji wa walioshirikishwa haukutofautiana na wa wenzao. Sababu mojawapo ni kwamba yaliyoachwa mikononi mwao hayakugusa sana uzalishaji wenyewe. Wafanyakazi wa kwetu nao wanalijua hili vizuri. Wanaitwa kutoa maoni kuhusu rangi ya fomu wakati mkataba umeshasainiwa na malipo ya awali yametoka.

Kama mambo yamefika huko, yaseme mwanzoni mwa kikao: hili limeshaamuliwa, haya matatu bado. Halafu jadilini hayo matatu kweli kweli: zamu zitapangwaje, daftari la zamani lifungwe lini, na mfumo ukigoma usiku wa kufunga hesabu za mwezi, nani atapokea simu.