Tumbo kujaa maji sio lazima awe karogwa

Huku kwetu kanda ya ziwa, kuanzia Igombe mpaka Ukerewe, mvuvi akivimba tumbo huku mikono na miguu imekonda watu washamaliza, karogwa huyo, na kama alikuwa anapiga gongo basi ni pombe. Pombe inaharibu ini kweli, sibishi, ila wengine hawajawahi hata kuionja. Mara nyingi huku ni kichocho cha tumbo. Wengi tunajua kile cha kukojoa damu tu, mnyoo huyu wa ziwani ni mwingine, anatoka kwa konokono wa majini, anapenya ngozi ukiwa unaoga, unafua au unavuta nyavu, halafu minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo inataga mayai miaka na miaka. Mayai mengine yanabebwa na damu yananasa kwenye ini, pale yanaacha makovu, damu inakosa njia, bandama inavimba, maji yanajaa tumboni, na mishipa ya koo la chakula inatanuka mpaka siku inapasuka mtu anatapika damu (hapo ndo mganga anapigiwa simu jamani). Dawa ni prazikwanteli, inaua minyoo, ila makovu yakishakomaa hayaondoki kirahisi, kwahiyo pima choo mapema.