Uwiano wa matibabu katika bima ya afya ya Marekani

Uwiano wa matibabu ni sehemu ya ada ya bima ambayo kampuni hutakiwa kuitumia kuwatibia wateja wake, isije ikamezwa na mishahara, matangazo, kamisheni za mawakala na faida ya wenye hisa. Nchini Marekani, ambako watu wengi hutegemea bima za kampuni binafsi, kiwango cha chini cha uwiano huo kiliwekwa na sheria aliyoitia saini Rais Barack Obama mwezi Machi 2010, kikaanza kutumika mwaka 2011. Bima za mtu mmoja mmoja na za waajiri wadogo ziliwekewa asilimia 80, na za waajiri wakubwa asilimia 85, kwani kuandikisha wafanyakazi elfu moja kwa mkupuo hugharimu kidogo kuliko kumsaka kila mteja peke yake.

Tuseme kampuni imekusanya dola milioni 100 kutoka kwa wateja wa mtu mmoja mmoja, kodi zikiwa zimekwisha kutolewa. Ikiwa madai ya hospitali na dawa, pamoja na gharama za kuboresha huduma ambazo sheria inaruhusu zihesabiwe humo, yamefika milioni 76, milioni 4 zilizopungua ni haki ya wateja, nao hurejeshewa kwa hundi au kwa kupunguziwa ada. Hesabu hupigwa kwa wastani wa miaka mitatu, ili mwaka mmoja wenye wagonjwa wachache usiipotoshe.

Wengi hudhani kuwa kanuni hii hupanga bei, kumbe sivyo. Kampuni inayobakiwa na senti 20 katika kila dola hupata zaidi kadiri dola zinavyoongezeka, kwa hiyo hospitali zikipandisha gharama, haina sababu kubwa ya kubishana nazo. Ndiyo maana maombi ya kupandisha ada kupita kiasi huchunguzwa kwanza, kazi inayofanywa hasa na majimbo, ambayo sheria ya mwaka 1945 iliyaachia usimamizi wa bima. Baadhi yana uwezo wa kuyakataa, mengine hayana.

Mwajiri anayelipia matibabu kwa fedha zake mwenyewe, akiiachia kampuni ya bima makaratasi tu, hayumo kabisa katika kanuni hii. Kadi ya mfanyakazi wake huwa na nembo ileile ya kampuni, lakini hundi ya marejesho haitamfikia, na akitaka kujua yuko upande gani itambidi aulize ofisi ya utumishi kazini kwake.