Rangi ya kijani haitoshi: kuzitambua seli tangulizi za figo

Nikikata kipande chembamba cha figo ya kiinitete cha panya wa siku 13 na nusu na kukiweka chini ya hadubini, cha kwanza ninachotafuta ni kofia. Chipukizi la mrija wa mkojo linaota matawi ndani ya tishu laini, na kila ncha ya tawi imevikwa kundi la seli zilizobanana. Nefroni zote, zile zinazochuja damu, hutoka kwenye kofia hizo; ndiyo maana seli zake huitwa tangulizi.

Alama maarufu ya seli hizi ni protini ya SIX2. Tunaitafuta kwa kingamwili: kipande kinalowekwa usiku kucha kwenye nyuzi 4 katika kingamwili ya kwanza, inayoishika SIX2, asubuhi kinasuuzwa, kinatiwa kingamwili ya pili inayong'aa kijani, halafu rangi ya bluu inayoshika DNA. SIX2 huongoza jeni, hivyo makazi yake ni ndani ya kiini cha seli. Kijani ikikalia bluu, naamini. Ikizagaa nje ya kiini, nashuku. Chembe nyekundu za damu nazo hung'aa zenyewe. Nilipoanza kazi hii zilinipotezea wiki nzima nikidhani nimepata kundi jipya la seli. Tangu hapo sikubali picha yoyote isiyo na kipande cha kulinganishia, kile kisichotiwa kingamwili ya kwanza.

Lakini hata picha safi inakuonyesha tu seli ilivyo leo. Seli tangulizi hujulikana kwa uzao wake. Mwaka 2008 watafiti Akio Kobayashi, Andrew McMahon na wenzao walizitia seli za panya zinazowasha jeni ya Six2 alama ya kudumu, ambayo kila seli inayozaliwa hurithi. Waliikuta kwenye nefroni, tangu chujio hadi mirija yake, ila si kwenye mirija ya kukusanyia mkojo, kwani hiyo ni mali ya chipukizi. Na miaka 2 kabla yake, panya walioondolewa Six2 walionyesha kofia ikigeuka nefroni mapema mno, ikaisha. Yaani SIX2 ndiyo inayozizuia seli zisikomae kabla ya wakati.

Wengine huziita seli shina. Mimi nasema tangulizi, kwa sababu zina mwisho: kwa binadamu, nefroni mpya hukoma kuundwa karibu na wiki ya 36 ya mimba. Ndiyo maana figo za mtoto njiti zinanigusa sana; amezaliwa kofia zikiwa bado kazini.

Jambo moja zaidi kwa wanaotoka kwenye panya kwenda kwa binadamu. Kwenye kofia za panya, SIX1, protini ndugu ya SIX2, hutoweka mapema. Kwetu sisi hubaki pamoja na SIX2. Kwa hiyo nikishika tishu ya binadamu natafuta zote mbili, na CITED1 pia, protini nyingine ya alama ya kofia, kwenye kipande kilekile, seli kwa seli.