Je, wajua kwa nini mpelelezi anayesoma mawazo hupata tabu kwenye mapenzi?

Mwaka 1928 mwandishi wa Marekani aliyejiita S. S. Van Dine alitoa jaridani kanuni 20 za kuandika hadithi za upelelezi. Kanuni ya 3 ilikataza mapenzi: kazi ya hadithi, alisema, ni kumfikisha mhalifu mbele ya sheria, si kuwafikisha wapenzi madhabahuni. Ya 8 ilikataza kusoma mawazo, kuita mizimu, kutazama tufe la kioo na mambo mengine ya namna hiyo. Mwaka uliofuata padri wa Kiingereza, Ronald Knox, akatoa amri zake 10, na ya pili ikazipiga marufuku nguvu zote zisizo za kawaida.

Hoja yao ilikuwa ya haki. Msomaji wa upelelezi anashindana na mpelelezi: wote wawili wanaona alama zilezile za viatu na kusikia uongo uleule, na atakayeunganisha mambo mapema ndiye bingwa. Mpelelezi akianza kunong'onezwa na wafu, msomaji hana tena mchezo wa kucheza.

Sasa kuna riwaya chungu nzima zinazovunja makatazo yote mawili kwa mpigo. Mpelelezi anaona maono, anasikia mawazo au anazungumza na marehemu, na papo hapo anapenda. Ungedhani mtu wa hivyo mapenzi yangemnyookea, maana kile ambacho wengine tunahangaika kukikisia, yeye anakisikia moja kwa moja. Lakini kwenye karibu kila riwaya ya aina hii kipawa kile kile kinachomkamata muuaji ndicho kinachoharibu uchumba. Kwa nini?

Jibu la kwanza ni la kiufundi. Riwaya ya upelelezi inasukumwa na swali "nani kaua?", na ya mapenzi inasukumwa na swali "ananipenda?". Yote mawili yana uhai kwa sababu kuna mtu anaficha kitu. Mpe mhusika wako uwezo wa kusikia kila kilicho kichwani mwa watu na maswali hayo yanajibiwa ukurasa wa tatu. Ndiyo maana hakuna mwandishi mwenye akili timamu anayempa mhusika kipawa kisicho na mpaka. Atasikia mawazo akimgusa mtu tu, au ataona yajayo vipande vipande, au kila maono yatamwacha na kichwa kinachopasuka. Na pale mwandishi anapouweka mpaka huo ndipo panapoamua mapenzi yatavurugika kwa namna gani.

Jibu la pili linanivutia zaidi, kwa sababu halihusu ufundi bali binadamu. Mwanasaikolojia wa Marekani William Ickes ametumia miaka mingi kupima jinsi watu wa kawaida wanavyokisia mawazo ya wenzao. Watu wawili wanarekodiwa wakizungumza, kisha kila mmoja anaitazama video na kueleza alichokuwa akiwaza wakati ule, na mwenzake anajaribu kukisia. Wasiofahamiana wanapatia kwa wastani wa takriban asilimia 20. Marafiki wa karibu na wanandoa wanafika kama asilimia 35. Yaani hata uliyelala naye kitanda kimoja miaka na miaka, mengi yaliyo kichwani mwake yanakupita.

Mwaka 1995 Ickes na wenzake wakachapisha utafiti wenye jambo la kushangaza zaidi. Wapenzi waliketishwa pamoja wakatakiwa kutathmini picha za watu wengine, baadhi yao wazuri wa sura, kila mmoja akisikia mwenzake anavyosema. Wale waliokuwa na sababu kubwa ya kuhofia uhusiano wao ndio waliokosea zaidi kukisia mwenzao anawaza nini. Na miezi kadhaa baadaye, wapenzi hao ndio waliokutwa bado wako pamoja. Kutojua kulikuwa kumewakinga.

Mwenye kipawa hana kinga hiyo. Moyo wa mtu ni msitu, wanasema wahenga, na wengi wetu tunapita kandokando yake kwa heshima. Yeye anaishi ndani. Anasikia mpenzi wake akimtamani mtu anayepita barabarani, akichoshwa na hadithi anayoisimulia, akimlinganisha na wa zamani. Kila kichwa kina takataka za namna hii zinazopita na kwenda zake. Wazo si uamuzi, na mtu mwema ni yule anayeliacha lipite. Lakini anayelisikia likiwa bichi halioni likipita. Anaumia kwa kosa ambalo mwenzake hajalitenda wala hatalitenda, na mwenzake naye anahukumiwa kwa jambo ambalo huenda hata hakujua amelifikiri.

Kwa hiyo waandishi wengi wamekimbilia suluhisho moja: mpe mpenzi asiyesomeka. Mfano unaojulikana sana ni wa Charlaine Harris katika Dead Until Dark ya mwaka 2001, ambapo mhudumu wa baa anayesikia mawazo ya kila mtu anakutana na mfu anyonyaye damu ambaye kichwa chake kiko kimya kabisa. Kwa mara ya kwanza anaweza kukaa karibu na mwanamume na kupumzika. Ukilitazama vizuri, hili ni jambo la ajabu: anavutwa na mtu kwa sababu tu hajui anawaza nini, yaani anapewa kile ambacho sisi wengine tunacho bure na tunakilalamikia.

Uzuri wa mbinu hiyo ni kwamba inaleta balaa la upelelezi hapo hapo. Mtu usiyeweza kumsoma ndiye pia usiyeweza kumwondoa kwenye orodha ya washukiwa. Wengine wote mjini umewasikia na unajua hawakuua. Amebaki huyu mmoja, na ndiye unayempenda. Kikulacho ki nguoni mwako. Msomaji analiona hili mapema kuliko mhusika, na kila busu linasomwa mara mbili, mara moja kama mahaba na mara nyingine kama kosa la kizembe la mpelelezi. Nionavyo mimi, hakuna mbinu nyingine katika aina hii ya riwaya inayofunga kamba mbili kwa fundo moja vizuri namna hii. Ndiyo maana imetumiwa kupita kiasi.

Vipawa vingine vina tabu zake. Kwa anayeona historia ya kitu kwa kukigusa, mwili wa mpenzi unageuka ushahidi. Hawezi kushika mkono bila kuona mkono ule ulishika nini jana, wala kupokea pete bila kukutana na aliyeivaa kabla yake. Wahusika wa aina hii huvaa glavu, na mwandishi mjuzi anajua kwamba siku glavu zinapovuliwa msisimko wake unapita wa kuvua nguo. Anayezungumza na wafu ana shida nyepesi kidogo, mara nyingi ya kuchekesha: chumbani hakuna faragha, na mke wa kwanza wa mchumba wako, ingawa alizikwa zamani, ana maoni. (Kwa nini marehemu hasemi tu nani alimuua? Hakumwona, au hakumbuki, au anamlinda. Mwandishi asiyekuwa na jibu la swali hilo asianze kitabu.)

Mtabiri ndiye mwenye mzigo mkongwe kuliko wote. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Kassandra, binti wa mfalme wa Troya. Mungu Apolo alimpenda akampa kipawa cha kuyaona yajayo. Binti alipomkataa, Apolo akamlaani kwamba atabiri kweli daima na asiaminiwe na yeyote. Kipawa hicho kilitoka kwenye mapenzi yaliyoharibika, na adhabu yake ni kukosa kuaminiwa.

Laana hiyo bado inafanya kazi kila mwandishi anapompa mpelelezi mwenye maono mpenzi aliye askari. Ni jozi ya kawaida sana, na kuna sababu. Yeye anajua aliyeua. Askari anahitaji silaha, shahidi, alama za vidole. Maono hayapelekwi mahakamani. Basi kila kesi inakuwa mtihani wa uhusiano: unaniamini au unataka ushahidi? Askari akiomba ushahidi, anatimiza kazi yake vizuri na anamuumiza mpenzi wake. Akiamini tu, anaweza kumfunga asiye na hatia siku maono yatakapokosea, na yatakosea, vinginevyo hakuna riwaya.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vinalipita haraka mno, nalo ni ruhusa. Mhusika anachungulia kichwani mwa anayempenda, anakuta anapendwa, na mwandishi anatutaka tuone utamu. Mimi huona mtu aliyefungua barua ya mwenzake. Mmoja anajua kila kitu, mwingine hajui hata kwamba anasomwa. Zaidi ya hapo, anayesomwa ameporwa nafasi ya kusema mwenyewe. "Nakupenda" inayotamkwa kwa mtu aliyeisikia tangu wiki iliyopita haimfikishii kitu kipya, na msemaji hakuwahi kuamua lini aitoe.

Riwaya bora hulikabili hili kwa kuwafanya wapenzi wakubaliane: usiingie kichwani mwangu bila kupiga hodi. Kisha upelelezi unaliweka agano hilo rehani. Chukulia mwanamke aliyeahidi hivyo, halafu maiti ya pili inapatikana, na dalili zinaelekea kwa kaka wa mchumba wake. Mchumba anajua kitu. Anakwepa, anabadilisha mazungumzo. Akimsoma, kesi inaisha usiku huo na uchumba unaisha asubuhi. Asipomsoma, huenda mtu wa tatu akafa. Hapo Van Dine mwenyewe angekwama, maana huwezi tena kuyaondoa mapenzi ukabaki na upelelezi. Swali limekuwa moja.

Wasiotaka kulijibu wana mlango wa nyuma: kipawa kinapotea karibu na harusi, kwa homa au kwa kugongwa kichwani, na wapenzi wanabaki watu wa kawaida wenye furaha. Ni kukimbia, na wasomaji wa mifululizo mirefu wanalijua. Vitabu vya yule mhudumu wa baa vilifika 13, na mfululizo wa urefu huo unahitaji muuaji mpya kila mara, na mpelelezi anayeweza kumsikia. Kwa hiyo kilichopotea kwenye harusi hurudi kwenye kitabu kinachofuata, kwa kawaida ukurasa ule ule ambapo mume mpya anawaza jambo ambalo hakutaka mkewe alisikie.