Mchanga wa chini ya kabro: yanayosemwa na ukweli wake

Masika yalipokwisha, mguu mmoja wa kiti cha mama mkwe wangu ulizama kwenye kibaraza chake cha nyuma, huko Kisauni, Mombasa. Kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika chini, zilikuwa hazijamaliza hata mwaka. Nilibandua tatu kwa bisibisi, nikatia mkono. Mchanga ulikuwa chepechepe, na vidole vyangu vyote vilizama kabla ya kugusa kitu kigumu.

"Mwanangu, fundi aliniambia mchanga mwingi ndio uimara," mama akasema.

Maneno hayo nimeyasikia Likoni, nimeyasikia Mikindani, na watu bado wanayalipia. Ndiyo maana nimeona niyaandike hapa, pamoja na mengine ya aina yake.

"Mchanga ukiwa mwingi, kabro hukaa imara."

La. Mchanga ule ni godoro, haujawekwa kubeba nyumba. Baada ya kushindiliwa unatakiwa uwe na unene wa kama sentimita 3, na ukishapita 4 umezidi. Kazi yake ni kuilaza kabro vizuri na kupanda kidogo kutokea chini kwenye viungo, yaani nafasi zilizo kati ya kabro na kabro. Mzigo unabebwa na tabaka lililo chini yake: kokoto zilizochanganyika na vumbi la machimbo, zikashindiliwa mpaka zikafika sentimita 10 kwa kibaraza cha kukalia watu. Panapopita gari, ongeza.

Shida huanzia kwenye kokoto hizo. Zikishindiliwa kijuujuu hubaki na mabonde, na mtu anayetaka kumaliza kazi leo huyajaza mabonde kwa mchanga ili juu paonekane sawa. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini penye mchanga wa sentimita 3 patashuka kidogo, penye 10 patashuka sana, na mvua ya Mei ikija yale mabonde ya chini yanatokea juu yakiwa na umbo lilelile. Mchanga hausahihishi kosa la chini yake, unaliahirisha tu.

Kwa hiyo siku ya kusimama karibu na fundi ni ile ya kokoto. Mwombe avute uzi toka upande huu hadi ule, mpime pamoja. Bonde likizidi sentimita 1, lijazwe kwa kokoto laini na vumbi lake, lishindiliwe tena. Hesabu nayo itakusaidia. Kibaraza cha mita 4 kwa 3, ukitandaza mchanga wa sentimita 4 kabla ya kushindilia, kinataka karibu nusu mita ya ujazo. Ukiletewa orodha inayodai lori zima la mchanga kwa eneo hilo, uliza ni la kazi gani.

"Sisi tuko pwani, mchanga tunao bure."

Hili linaniuma, kwa sababu linaharibu mahali pawili. Mchanga wa ufukweni ni laini na punje zake zimeviringika kwa kusuguliwa na mawimbi, kwa hiyo hazikamatani, zinateleza. Una chumvi pia, na chumvi hupanda na unyevu ikaacha madoa meupe juu ya kabro. Na huko ulikotolewa, ufuo unapungukiwa na kinga yake dhidi ya bahari, na kasa wanapoteza mahali pa kutagia. Tafuta mchanga wa mto, wenye punje kubwa zinazokwaruza kiganjani. Kabla haujashushwa, chukua chupa, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa, uache utulie saa moja au zaidi. Tope la juu liwe utando mwembamba. Likiwa tabaka nene, urudishe. Mimi huuonja pia, ulimi haukosei chumvi.

"Mombasa ni mwamba mtupu, msingi wa nini?"

Kisiwani kweli tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, lakini mwamba huo una mashimo na mifuko ya udongo, na mchanga ukipata tundu huvuja kimyakimya mpaka kabro ibaki inaelea. Kuvuka kwenda Changamwe na Miritini kuna udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, na huko hata sentimita 10 za kokoto huwa hazitoshi.

"Changanya na simiti, itashika."

Kwa vigae au mabamba ya mawe juu ya zege, sawa, hayo hulazwa kwenye chokaa ya simiti iliyoenea chini kote. Kabro ni jambo jingine. Zimeundwa zicheze kidogo na zipitishe maji. Ukizifungia kwa simiti juu ya kokoto, tabaka hilo litapasuka na maji yatatuama.

"Shindilia mchanga kwanza, ndipo upange."

Hapana. Mchanga husawazishwa ukaachwa bila kushindiliwa. Chukua mabomba mawili ya chuma ya inchi moja, ambayo kipenyo chake cha nje ni kama milimita 33, yalaze juu ya kokoto, mwaga mchanga katikati, kisha buruta juu yake ubao ulionyooka. Unyevu wake uwe wa kiasi: ukiufinya kiganjani ushikane bila kutoa maji. Toa mabomba, jaza mifereji yake kwa mwiko, na asikanyage mtu, hata mtoto aliyekuja kutazama. Fundi apange akiwa amesimama juu ya kabro alizokwisha kuzilaza. Kompakta, ile mashine ya kushindilia, huja mwisho, juu ya kabro zenyewe.

Pia kuna wanaotaka kibaraza kilale sawa kama meza. Kinahitaji mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 60 hadi 80, ukienda mbali na ukuta wa nyumba, na mteremko huo uanzie kwenye kokoto. Na nailoni ya kuzuia magugu usiiweke, maana inafungia maji, na magugu mengi huota toka juu, kwa mbegu zinazoangukia kwenye viungo.

Kwa mama tulirudia yote. Mchanga wa ziada ulijaza wilbaro kumi na nne. Tukaongeza kokoto, tukazishindilia kwa matabaka, tukafunga kingo za zege pande tatu zisizo na ukuta ili mchanga usitoroke, tukapanga upya kabro zilezile. Mwisho tukafagilia mchanga mkavu, laini, usio na chumvi kwenye viungo, kompakta ikapita tena. Siku ya tatu viungo vilikuwa vimeunywa, mama akachukua ufagio wake akafagilia mwingine.