Kimeng'enya si kimelea

Juzi baada ya swala ya alasiri, barazani Mkunguni, ami mmoja alitwambia daktari amempa mkewe vidonge vya "kuua vimeng'enya vinavyokula ubongo". Ni mara ya tatu nalisikia neno hili likitumiwa hivyo hapa Lamu, na safari hii sikuweza kunyamaza.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini. Basi. Kinachotuponza ni hiyo "vi" ya mwanzo. Tumezoea vijidudu, vimelea, virusi. Sikio likisikia vimeng'enya, linavitia kapu moja nao. Lakini ki- hii ni ile ya kizibo na kifuniko, kitu chenye kazi yake. Kitenzi ni kumeng'enya, vile tumbo linavyokivunjavunja chakula hadi mwili uweze kukinyonya. Wazungu nao walianzia jikoni: Mjerumani Wilhelm Kühne, alipobuni enzimu, neno lao la kimeng'enya, miaka ya 1870, alilichukua kwenye Kiyunani, "ndani ya chachu". Kila anayekanda unga wa mahamri na kuufunika mpaka uumuke ameiona kazi hiyo. Hamira ni kitu hai. Vimeng'enya vilivyomo ndani yake havina uhai. Na kisicho na uhai hakiuawi.

Huzuiwa, na kuzuia kuna kiasi. Neva za ubongo hupashana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kimeng'enya asetilikolinesterasi huivunja ikishafikisha habari. Mgonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, amepungukiwa na asetilikolini. Dawa yake mojawapo, donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, hukipunguzia kasi kimeng'enya hicho ili ile kidogo iliyobaki idumu. Haiponyi, humpa mgonjwa ahueni ya muda, pengine pamoja na kichefuchefu na kuhara. Kukizuia kupita kiasi ndiko kunakofanywa na baadhi ya sumu za kuulia wadudu wa shambani: aliyeinywa hububujikwa mate, misuli ikalegea, pumzi ikakatika.

Hata watafiti wameumia hapo. Kimeng'enya BACE1 hukata protini inayozaa amiloidi, ile inayoganda mabonge ubongoni mwa wagonjwa wa Alzheimer. Walikizuia kwa dawa ya verubesestati, amiloidi ikapungua, lakini wagonjwa hawakupata nafuu na wengine akili zao zikazidi kudhoofu. Majaribio yakasimamishwa 2017 na 2018. BACE1 ina kazi nyingine mwilini, hata katika kuzivika neva utando wake.

Ami anampenda mkewe, na vidonge anampa mwenyewe kila usiku. Kwa hiyo nilimwambia taratibu: ami, sema vidonge vinazuia. Na bibi akianza kutapika, mrudishe kwa daktari. Usimwongeze kidonge cha pili ukidhani vimeng'enya havijafa.